Wimbo Tunaujua, Mtunzi Hatumjui: Maisha ya Mwalimu Enoch Sontonga



Kamati ya yubile ilipotuomba sisi wa ofisi ya kwaya tuandike maisha ya mwanamuziki mmoja wa kututia moyo, majina yaliyotajwa kwanza yalikuwa yale yale: Handel, Bach, na waimbaji wa siku hizi ambao nyimbo zao tunazisikia redioni na ndani ya matatu. Hao tunawaheshimu, na Handel mtamsikia leo kabla hatujaketi. Lakini tulipokaa na kufikiri, tuliona heri tuandike juu ya mtu ambaye wimbo wake kila mmoja wetu anaujua, ilhali jina lake karibu hakuna alijuaye.

Tulifanya jaribio dogo siku ya mazoezi. Tuliuliza: timu yetu ya Harambee Stars ikicheza na Tanzania, ni wimbo gani wa taifa unaopigwa kwa ajili ya majirani? Wote wakajibu kwa pamoja, na sauti ya tatu wakaanza hata kuuvumisha. Tukauliza tena: huo muziki ulitungwa na nani? Kimya. Mmoja akasema ni Mwalimu Nyerere. Mwingine akasema ni Wazungu. Mwingine akasema nyimbo kama hizo hazina mtunzi, ni za watu wote.

Mtunzi yupo. Aliitwa Enoch Mankayi Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya kanisa. Hakuwahi kuwa tajiri wala maarufu, na alizikwa mahali ambapo kwa muda wa karibu miaka 90 hapakujulikana. Sisi wanakwaya, na hasa sisi tuliopitia chuo cha ualimu, tunaona huyu ni wa kwetu. Basi tusome maisha yake.

Kuzaliwa na kusoma

Enoch Sontonga alizaliwa mwaka wa 1873 hivi, katika mji wa Uitenhage, upande wa mashariki wa nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Wakati huo sehemu hiyo ilikuwa koloni la Waingereza, na kwa Mwafrika aliyetaka kusoma njia ilikuwa moja tu: shule ya misheni.

Sontonga alifuata njia hiyo mpaka Lovedale, karibu na mji wa Alice. Lovedale kilikuwa chuo cha wamisheni Wapresbiteri kutoka Scotland, na kilikuwa na sifa kubwa kusini mwa Afrika. Hapo ndipo walipofundishwa walimu, wahubiri, wapiga chapa na makarani wengi wa Kiafrika. Wale wazee wetu wanaokumbuka shule za misheni za hapa Kenya za zamani watakuwa na picha ya mahali hapo: kengele, ibada ya asubuhi, kazi ya shamba, na kuimba. Kuimba hakukuwa anasa. Mwalimu aliyehitimu alitarajiwa aweze kusimamisha darasa na kulifundisha nyimbo za sauti nne, hata kama shule haina kinanda wala filimbi.

Hapa tunaomba ruhusa tupumzike kidogo katika habari za Sontonga, tueleze juu ya kitu ambacho yeye na sisi tunakishiriki.

Deni letu kwa bibi mmoja wa Norwich

Kila Alhamisi tunapofika mazoezini, mwalimu wetu huandika ubaoni herufi: d, r, m, f, s, l, t. Hatuhitaji mistari mitano wala vitone vyeusi. Hiyo ndiyo solfa, na bila solfa kwaya yetu isingeimba hata wimbo mmoja wa sauti nne. Kwaya nyingi za Kenya ziko hivyo hivyo.

Wachache wanajua kwamba chanzo cha solfa hii ya herufi ni mwalimu mwanamke, Sarah Glover, wa mji wa Norwich huko Uingereza. Alikuwa akifundisha watoto kuimba, akaona noti za kawaida zinawashinda, akabuni njia rahisi ya herufi. Baadaye mchungaji John Curwen, ambaye mwaka wa 1841 alikuwa amepewa na walimu wa shule za Jumapili kazi ya kutafuta njia bora ya kufundisha kuimba, aliichukua njia ya Bi. Glover, akaibadilisha hapa na pale, akaieneza. Wamisheni wakaibeba hadi Afrika. Curwen mwenyewe alikiri kwamba msingi ulikuwa wa mama huyo. Hata hivyo, vitabu vingi vilibaki na jina la Curwen peke yake.

Tumelitaja jambo hili kwa sababu linafanana na habari zote za makala hii. Kazi inabaki, jina linadondoka njiani. Sontonga alijifunza solfa hiyo hiyo, na nyimbo zake aliziandika kwa herufi hizo hizo, katika daftari la kawaida la shule.

Mwalimu wa Nancefield

Mwaka wa 1886 dhahabu iligunduliwa mahali palipokuja kuwa Johannesburg. Kwa miaka michache tu mji mkubwa ukaota pale palipokuwa na nyasi. Watu wakaja kutoka kila upande: Waxhosa, Wazulu, Wasotho, Watsonga, na wengine kutoka nchi za mbali zaidi kaskazini. Walikuja kuchimba, kupika, kufua nguo na kubeba mizigo. Waliwaacha wake na wazazi mashambani, wakaishi wamebanana katika makambi na vitongoji vya mabati.

Makanisa yaliwafuata watu hao. Sontonga alikwenda kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Darasani alikuwa mwalimu, kanisani aliongoza kwaya na kuhubiri akiwa mhubiri asiye kasisi, na kwa kuongeza kipato alikuwa mpiga picha. Walimu wenzetu wataelewa jambo hilo la mwisho bila maelezo. Mshahara wa mwalimu haukutosha wakati ule, na hata leo wengi wetu tuna kibanda au ng'ombe wa maziwa pembeni.

Alioa mke aliyeitwa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal, na wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Sontonga alikuwa na tabia ya kuwatungia wanafunzi wake nyimbo. Hakungoja vitabu kutoka Uingereza. Akiona jambo la kuimbiwa, alikaa akaandika maneno na sauti, akawafundisha watoto wiki hiyo hiyo. Hivyo ndivyo daftari lake lilivyojaa. Na alitamani, siku moja, nyimbo zile zipigwe chapa ziwe kitabu.

Mwaka wa 1897

Mwaka wa 1897 Sontonga alikuwa na umri wa miaka 24 hivi. Ulikuwa wakati mgumu kwa Waafrika wa kusini. Ugonjwa wa sotoka, ule ule uliofagia mifugo ya Wamaasai hapa kwetu miaka michache kabla, ulikuwa umeshuka mpaka kusini mwa Afrika, na makundi ya ng'ombe yakaangamia. Ng'ombe walikuwa chakula, mahari, jembe na benki. Aliyebaki bila ng'ombe hakuwa na njia ila kwenda migodini. Na huko migodini sheria za kubeba pasi zilimfanya Mwafrika awe mgeni katika nchi ya babu zake.

Katika mwaka huo mwalimu huyu kijana alitunga wimbo uitwao Nkosi Sikelel' iAfrika. Maana ya jina hilo ni ombi kwa Bwana aibariki Afrika. Ulikuwa ubeti mmoja na kiitikio chake, kwa Kixhosa. Kiitikio kilimwomba Roho ashuke.

Tunapenda tuwaonyeshe jambo moja ambalo mwanakwaya huliona haraka. Wimbo huo si mgumu. Sauti zake nne zinatembea pamoja, kama zile za tenzi za kanisani. Vifungu vyake vinarudiarudia, hata mtu asiyejua kusoma anaushika kwa kuusikia mara mbili. Hauna mapambo ya kumwonyesha mtunzi kuwa fundi. Na juu ya yote ni sala, tena yenye huzuni ndani yake. Mwalimu aliyetaka sifa angeutunga kwa namna nyingine. Sontonga aliutunga uimbwe na watoto wa shule na kwaya ya kanisa, na ndiyo sababu baadaye uliweza kuimbwa na maelfu ya watu uwanjani bila mazoezi.

Tena alisema Afrika. Hakutaja kabila lake wala koloni lake peke yake. Mwaka huo hakukuwa na chama cha siasa cha kuwaunganisha watu wote wa kusini, wala hakukuwa na nchi iitwayo Kenya wala Tanzania katika ramani. Mwalimu wa shule ya vitongojini aliliombea bara zima.

Kuimbwa hadharani, na kifo

Wimbo ulianza kwa wanafunzi wake na kwaya yake. Mwaka wa 1899 uliimbwa mbele ya mkutano wa watu, katika ibada ya kumwekea mikono Mchungaji Boweni, Mtsonga wa Kanisa la Methodisti. Zingatieni: Mxhosa ametunga, Mtsonga anabarikiwa, na waimbaji ni mchanganyiko wa watu wa mji wa migodi. Kwaya ya Sontonga ilikuwa ikitembea na kuimba Johannesburg na hata Natal, na walimu wengine wa kwaya wakawa wanamwendea kuazima nyimbo.

Mwaka huo huo wa 1899 vita vilizuka kati ya Waingereza na Makaburu, vikaendelea mpaka 1902. Vilipokwisha, wakubwa walipatana wao kwa wao, na Waafrika wakaachwa nje ya mapatano.

Sontonga hakuishi kuona mengi zaidi. Tarehe 18 Aprili 1905 alifariki kwa ugonjwa wa tumbo. Alikuwa na umri wa miaka 32 hivi. Wanakwaya wetu wengi wa kundi la vijana wana umri huo. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, upande uliotengewa Waafrika Wakristo, kwa maana hata wafu walitenganishwa kwa rangi. Ndoto yake ya kuchapisha kitabu ilizikwa pamoja naye.

Daftari lililopotea

Sasa tunafika mahali palipotuuma zaidi tulipokuwa tukiandaa habari hizi.

Baada ya kifo cha Sontonga, daftari lake lilibaki na mjane wake. Walimu wa kwaya waliendelea kuja kuazima nyimbo, na mama huyo hakuwanyima. Daftari likatoka mkono huu kwenda mkono ule, mpaka likapotea lisionekane tena. Nyimbo zote zilizokuwamo, ukiacha ule mmoja uliokwisha kuenea, zilipotea pamoja nalo. Hatuwezi kujua kama ndani yake kulikuwa na mwingine uliokuwa mzuri kuliko huo.

Husimuliwa pia kwamba mjane huyo aliuza haki ya wimbo ule kwa peni sita, yaani nusu shilingi ya wakati ule. Alifariki mwaka wa 1929.

Hakuna mwizi katika habari hii. Walioazima walikuwa watu wa Mungu, wanamuziki waliopenda nyimbo. Kila mmoja wao alidhani atarudisha, au alidhani mwingine anayo nakala. Daftari linaweza kupotea hivyo hata mikononi mwa watu wema.

Safari ya wimbo

Wimbo wenyewe haukungoja mtunzi wake. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na Mchungaji John Dube huko Natal, iliuimba katika matamasha yake na kuupeleka mbali. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Kiafrika walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress, mkutano ulifungwa kwa sala, na baada ya sala wakauimba wimbo wa Sontonga. Mwaka wa 1923 Sol Plaatje, mwandishi na mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, aliurekodi kwenye sahani ya santuri mjini London. Mwaka wa 1925 chama kiliufanya kuwa wimbo wake rasmi. Mwaka wa 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba, na baadaye ukaingia katika kitabu cha nyimbo cha Wapresbiteri wa Kixhosa. Mwaka wa 1942 Moses Mphahlele alitoa maneno yake ya Kisotho.

Wakati huo watu wa nchi nyingi walikuwa wakienda kusini kufanya kazi migodini na kurudi makwao. Nyimbo walizozisikia huko walirudi nazo. Ndivyo muziki huu ulivyopanda kuelekea kaskazini, kutoka kanisa hadi kanisa na kutoka mkutano hadi mkutano.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilichagua muziki wa Sontonga kuwa wimbo wake wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili, nao ukaitwa Mungu Ibariki Afrika. Mpaka leo Tanzania inauimba. Zambia ilipopata uhuru mwaka wa 1964 ilichukua muziki huo huo na kuuwekea maneno yake. Zimbabwe iliuimba kwa Kishona tangu uhuru wa 1980 mpaka 1994. Namibia iliutumia kwa muda mfupi baada ya uhuru wa 1990. Na nyumbani kwao Afrika Kusini, ambako kuuimba ilikuwa ishara ya kupinga ubaguzi, ulitangazwa wimbo wa taifa mwaka wa 1994 pamoja na ule wa zamani wa Makaburu. Mwaka wa 1997 nyimbo hizo mbili ziliunganishwa kuwa mmoja.

Hebu tuhesabu. Nchi tano zimesimama kwa heshima kwa ajili ya sauti nne zilizoandikwa na mwalimu wa kwaya katika daftari la shule. Hatujui mwanakwaya mwingine wa kanisa duniani aliyepata heshima ya namna hiyo, na ambaye jina lake linatajwa kwa nadra hivyo.

Lakini tusiwacheke majirani. Sisi Wakenya tuna wimbo wetu wa taifa uliotoka katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mwaka wa 1963 kamati ya wanamuziki, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliukamilisha, na wimbo wenyewe waliupata kwa Mzee Meza Morowa Galana. Ni wangapi kati yetu, waliousimamia wimbo huo kila Jumatatu na Ijumaa katika gwaride la shule, waliowahi kufundishwa jina la mzee huyo? Sisi tunaofundisha tunakiri kwamba tulilijua tukiwa watu wazima.

Kaburi linapatikana

Serikali mpya ya Afrika Kusini ilipoingia mwaka wa 1994, watu walitaka kumheshimu mtunzi. Ikawa aibu: hakuna aliyejua amelala wapi. Walitafuta katika vitabu vya makaburi chini ya jina la Sontonga, wasilione. Baada ya kuhangaika ndipo ilipobainika kwamba karani wa wakati ule alikuwa amemwandika kwa jina lake la kwanza tu, Enoch. Kwa karani huyo, Mwafrika hakuhitaji jina la ukoo. Neno moja lililoachwa katika kitabu lilimficha mtu huyo kwa muda wa karibu miaka 90.

Tarehe 24 Septemba 1996, siku ambayo Waafrika Kusini huadhimisha urithi wao, kaburi hilo lilitangazwa kuwa mnara wa taifa, na Rais Nelson Mandela akazindua ukumbusho uliojengwa hapo. Sontonga alitunukiwa nishani ya heshima ya taifa, miaka 91 baada ya kufa kwake. Watu wa jamaa yake walikuwepo kuipokea.

Tunamshukuru Mungu kwa siku hiyo. Hata hivyo, nishani haikulirudisha daftari.

Na sisi je?

Wapendwa, tungeweza kufunga hapa, lakini hatutakuwa tumesema ukweli wote.

Tulipokuwa tukitayarisha kijitabu hiki, tulifungua sanduku la nyimbo lililoko katika chumba cha vazi. Tulitaka kuandika, mbele ya kila wimbo wa programu ya leo, jina la aliyeutunga. Kwa nyimbo za vitabuni haikuwa kazi. Kwa nyimbo zetu wenyewe, zile ambazo washirika wanazipenda kuliko zote na wanaziomba kila mavuno na kila arusi, tulikwama. Karatasi zimenakiliwa kutoka karatasi, na nakala kutoka nakala. Sehemu ya juu, mahali pa jina, imekatika au imefifia. Nyingine zililiwa na mchwa mwaka ule maji yalipoingia. Nyingine zina jina la mtu aliyezinakili, siyo aliyezitunga.

Wazee wa kwaya walituambia kwamba nyingi kati ya hizo zilitungwa na mwalimu wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Naye alikuwa na daftari. Alipofariki, kwaya ililiazima kwa mjane wake ili tunakili nyimbo za ibada ya ukumbusho. Mama alitupa kwa mikono miwili. Hatukulirudisha. Si kwamba tulikataa. Lilikwenda kwa mmoja anakili sauti ya pili, likaenda kwa mwingine, akahamishwa kikazi, na hivyo ndivyo lilivyokwisha. Mama aliuliza mara moja, kisha hakuuliza tena, kwa maana ni mtu wa adabu.

Kosa hilo si la mtu mmoja. Ni letu sote tuliovaa joho hili wakati ule na tuliolivaa baadaye bila kuuliza. Mwezi uliopita wazee wawili wa kwaya, mwalimu wa kwaya na sisi wa ofisi tulikwenda nyumbani kwa Mama. Tulipeleka sukari na unga kama ilivyo desturi, tukakaa, tukamwomba msamaha. Alitusamehe. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitarajia: akaanza kuimba, polepole, wimbo mmoja ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia. Alisema huo mumewe aliutunga mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, na haukuwahi kufika kanisani. Mwalimu wetu alitoa kalamu, akauandika kwa solfa nyuma ya programu ya mazishi iliyokuwa mezani, kwa maana hatukuwa na karatasi nyingine. Tulimwomba Mama aurudie mara nne tukapata sauti ya kwanza. Sauti nyingine tatu tumeziweka sisi.

Wimbo huo mtausikia leo baada ya mahubiri. Katika ukurasa wa programu utaona jina la mtunzi limeandikwa kwa ukamilifu, jina lake la ubatizo na la ukoo, na mwaka. Tunawaomba mtakapousikia, msiutazame ufundi wetu. Mtazameni Mama, ambaye ameketi safu ya pili.

Ombi letu

Kuanzia leo kwaya imenunua kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Kitabu hicho hakitaazimwa wala kutoka nje ya ofisi ya kanisa. Anayetaka wimbo atanakili papo hapo, au apige picha kwa simu. Kila wimbo utaandikwa na vitu vinne: jina kamili la mtunzi, mwaka, mahali ulipoimbwa mara ya kwanza, na jina la aliyeunakili. Vijana wetu wameahidi kuhifadhi pia nakala katika kompyuta ya kanisa, na nyingine nje ya kanisa, ili maji au moto visitumalize tena.

Mlangoni, upande wa kulia unapotoka, kutakuwa na meza. Kama nyumbani kwako kuna karatasi ya wimbo, kaseti ya zamani, picha yenye majina nyuma, au daftari la marehemu baba au shangazi aliyewahi kuimba hapa, tafadhali tuambie. Hatutakichukua kitu chako. Tutakuja kwako tukinakili ukituona.

Na wewe mtunzi kijana unayeona haya, unayesema wimbo wako ni mdogo, mkumbuke mwalimu wa Nancefield. Aliandika ubeti mmoja na kiitikio kwa ajili ya watoto wa darasa lake. Andika wimbo wako, na juu yake andika jina lako lote.

Katika miaka yote hii kwaya yetu imeimba kwa neema ya Mungu. Walioanza wengi wamelala, na tunaamini wanaimba mahali pazuri kuliko hapa. Majina yao Mungu anayajua yote, hakuna hata moja alilokosea kuliandika. Lililobaki ni sisi tujifunze kuyaandika vivyo hivyo.

Mungu awabariki nyote, na karibuni katika yubile yetu.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote